Fedha za walioko nje: zinapunguza umaskini wa nyumba au zinauficha?

Swali

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete, na ndiye ninayeshika daftari la matumizi ya nyumba ya mama yetu. Kaka yangu yuko Maskati mwaka wa tisa sasa, ni dereva, na kila mwezi hututumia riali 40. Mdogo wetu wa kike yuko Dar es Salaam na hutuma kwa simu anapopata. Nyumbani tuko saba, wanne wakiwa wanafunzi. Majirani wanatuona watu tuliopata, lakini mimi nikilitazama daftari sioni tulichobakiwa nacho, na mwaka ambao karafuu hazikuzaa au mwani umeporomoka bei tunajikuta palepale. Sasa kaka anasema ataacha kutuma kila mwezi, akusanye kwa miaka miwili, ajenge milango miwili ya duka barabarani ili mama awe na kipato chake mwenyewe. Je, fedha hizi zimetupunguzia umaskini au zimeuficha tu? Na shauri la kaka ni la busara?

Jibu

Mwalimu, ahsante kwa swali lako, na ahsante zaidi kwa kulitazama daftari kabla ya kuuliza. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba fedha za kaka yako na za mdogo wako zimewapunguzia umaskini, tena kwa kiasi kikubwa kuliko daftari linavyoweza kuonyesha, lakini kazi yake kubwa imekuwa kuizuia nyumba isianguke. Kuinua nyumba ni kazi nyingine, na fedha hizo hizo haziwezi kuifanya vizuri kabla ile ya kwanza haijalindwa. Shauri la kaka yako nitalifikia mwishoni, kwa sababu uzito wake unategemea mambo ambayo lazima tuyaweke wazi kwanza.

Tuanze na namna umaskini unavyopimwa hapa kwetu. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali inapofanya Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya haiutafuti umaskini katika kilichobaki mwisho wa mwezi. Huorodhesha kile ambacho kaya imekula na kutumia, pamoja na kilichotoka shambani na baharini bila kununuliwa, ikagawa jumla yake kwa watu wa kaya huku mtoto akihesabiwa chini ya mtu mzima, kisha ikalinganisha na gharama ya chakula na mahitaji mengine ya lazima. Kwa kipimo hicho, Wazanzibari waliokuwa chini ya mstari wa mahitaji ya msingi walikuwa asilimia 34.9 mwaka 2009/10, wakashuka hadi asilimia 30.4 mwaka 2014/15 na asilimia 25.7 mwaka 2019/20. Walioshindwa kuifikia hata gharama ya chakula peke yake katika utafiti huo wa mwisho walikuwa asilimia 9.3. Pemba imekuwa nyuma ya Unguja, na Micheweni imekuwa ikitajwa tena na tena miongoni mwa wilaya maskini zaidi.

Maana yake kwa daftari lako ni kwamba mchele ulioliwa, sare zilizoshonwa, dawa ya mama na nauli za watoto ndizo zenyewe zinazohesabiwa kuwa umaskini umepungua. Riali 40 zikiingia na zikamalizika zote kwa chakula na skuli, mtakwimu ataiona kaya yako juu zaidi ya pale ambapo ingekuwa, ingawa wewe huoni akiba. Kwa hiyo sikubaliani na kauli inayosikika mara nyingi vijijini, na wakati mwingine hata kwa wasomi, kwamba pesa za Arabuni ni za kula tu na hazina faida. Nyumba inayokula vizuri mwaka mzima na ambayo wanafunzi wake wanne hawajafukuzwa darasani kwa kukosa daftari au viatu si nyumba iliyopoteza fedha.

Hata hivyo majirani zako nao wanakosea, na kosa lao ni la hesabu. Wao wanazitazama riali 40 kama kwamba ni nyongeza tupu. Swali la haki ni hili: nyumba ingekuwaje leo kama kaka yako asingeondoka kabisa? Kulinganisha nyumba ya leo na nyumba ya miaka tisa iliyopita hakutoshi, kwa sababu katika miaka hiyo mambo mengine mengi yamebadilika, na ni sawa na mtu kupima kina cha mlango wa bahari bila kuuliza kama maji yamekupwa au yamejaa. Kaka yako angekuwepo angefanya kazi. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba angekuwa dereva wa gari ya abiria kati ya Wete na Chake Chake, akichuma karafuu msimu ukifika, na kwa wastani akaingiza nyumbani shilingi 150,000 kwa mwezi huku chakula na mahitaji yake yakila 60,000. Nyumba ingebakiwa na 90,000 kutoka kwake. Riali 40 ni takriban dola 104, na kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola ni shilingi 260,000. Faida halisi ya safari yake kwa waliobaki ni tofauti ya hizo mbili, yaani 170,000, na ukiigawa kwa watu saba kila mmoja anapata kama 24,000 kwa mwezi. Hizo ni fedha za maana. Kwa kaya iliyo karibu na mstari zinatosha kuivusha. Kwa kaya iliyo mbali chini yake zinaupunguza ukali wa umaskini bila kuwaondoa watu wake katika orodha ya maskini. Ndiyo maana tafiti za nchi mbalimbali, ikiwemo Guatemala, zimeonyesha kwamba fedha za wahamiaji hupunguza kina cha umaskini zaidi kuliko zinavyopunguza idadi ya maskini.

Hesabu hiyo inaweza hata kugeuka. New Zealand huwapa baadhi ya raia wa Tonga ruhusa ya kuhamia huko kwa kura ya bahati nasibu, na kura hiyo iliwapa wachumi John Gibson, David McKenzie na Steven Stillman nafasi adimu ya kulinganisha familia zilizoshinda na zilizoshindwa, ambazo kabla ya kura hazikuwa na tofauti. Waligundua kwamba katika kipindi cha mwanzo kipato cha jamaa waliobaki Tonga kilikuwa kimeshuka, kwa sababu aliyeondoka alikuwa mchumaji hodari na fedha alizotuma hazikufidia alichokuwa akichuma. Wale wa Tonga huhama na wake na watoto wao, kwa hiyo si sawa kabisa na kaka yako, lakini funzo lake linatuhusu: fedha inayotumwa ina gharama yake, na gharama hiyo haiandikwi katika risiti ya wakala.

Utafiti ulio karibu nasi zaidi ni ule wa Kagera. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon waliwafuatilia watu waliohojiwa mkoani humo mapema katika miaka ya 1990, wakawatafuta tena mwaka 2004 popote walipokuwa, hata waliohamia mbali. Walipomlinganisha aliyehama na ndugu yake waliyelelewa naye nyumba moja, matumizi ya aliyehama yalikuwa yameongezeka kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya yale ya aliyebaki. Ninaurudia utafiti huu mara kwa mara kwa sababu unatukumbusha jambo ambalo takwimu za kaya hazilioni: mtu wa kwanza kutoka katika umaskini ni yule aliyeondoka, na yeye si mwanakaya tena. Kaka yako, kwa kuwa analala na kula Maskati, hayumo katika wale saba. Ukiuliza kama umaskini wa watoto wa mama yenu umepungua, lazima umhesabu na yeye.

De Weerdt na Kalle Hirvonen walizitumia takwimu hizo hizo kuuliza nani humsaidia nani mambo yakiharibika. Walikuta kwamba maafa yakimfika aliyebaki kijijini, aliyehama hupunguza matumizi yake ili kumsaidia, lakini maafa yakimfika aliyehama, kijijini hakuna anayeweza kumfanyia hivyo. Bima inakwenda upande mmoja. Naomba uliweke jambo hili akilini mpaka tutakaporudi kwa kaka yako.

Sasa nifike kwenye kiini. Pemba ni kisiwa ambacho kipato chake hakina utulivu. Mkarafuu huzaa sana mwaka mmoja na mwaka unaofuata au miwili ukatoa kidogo, hata bei iwe nzuri kiasi gani. Mwani, ambao kwa sehemu kubwa ni kazi ya wanawake, huoza maji yanapopata joto, na bei yake hupangwa na wanunuzi wasiofika pwani zetu. Mvuvi hukaa nchi kavu siku ambazo kusi limechafuka. Katika mazingira kama haya, umaskini kwa familia nyingi si hali ya kudumu ya kuwa chini. Ni kupanda na kushuka, na anayeshuka huuza mbuzi, huweka rehani mikarafuu, au humtoa mtoto skuli, kisha mwaka mzuri ukija hana cha kuanzia. Hapo ndipo fedha ya aliye mbali inapofanya kazi ambayo hakuna fedha nyingine inayoifanya, kwa sababu chanzo chake hakina uhusiano na mvua ya Pemba wala bei ya mwani.

Ushahidi wa jambo hili ni mzuri. Nchini Ufilipino, Dean Yang na HwaJung Choi walionyesha kwamba mvua zinapoharibu kipato cha familia yenye mtu ng'ambo, karibu asilimia 60 ya kilichopotea hufidiwa na fedha zinazotumwa. Kenya, William Jack na Tavneet Suri waliona kwamba pigo kama ugonjwa au kupoteza kazi lilipunguza matumizi ya kaya zisizotumia M-Pesa kwa takriban asilimia 7, ilhali za watumiaji hazikutikisika, na sababu ilikuwa kwamba jamaa wengi zaidi, kutoka mbali zaidi, waliweza kuchangia haraka. Wewe umetaja fedha za mdogo wako wa Dar es Salaam kwa maneno machache, kama kwamba ni za kuongezea tu. Mimi ningezitazama upya. Tafuta katika daftari ni miezi gani alituma: nadhani utakuta ni mwezi mama alipolazwa, au mwezi kabla ya skuli kufunguliwa, au ule ambao mwani ulioza. Shilingi 30,000 zinazofika siku ile ile ya shida zinaweza kuwa na thamani kuliko 100,000 zinazofika baada ya mbuzi kuuzwa.

Wasomaji wenye umri wangu watakumbuka kwamba haikuwa hivi zamani. Kabla ya huduma za fedha kwa simu kuingia Tanzania mwaka 2008, aliyekuwa Dar es Salaam au Unguja alitia noti ndani ya bahasha akampa abiria wa boti, na nyumbani mtu aliisubiri bandarini Mkoani au Wete, akiomba Mungu abiria asisahau. Fedha kubwa zilikwenda kwa njia hiyo. Ndogo za dharura hazikwenda kabisa. Kwa hiyo tozo ya miamala ya simu ilipoanzishwa Julai 2021, malalamiko yaliyofuata, ambayo yaliifanya Serikali iipunguze, hayakuwa ya wafanyabiashara peke yao. Tozo ya namna ile humuumiza zaidi anayetuma kidogo kidogo mara nyingi, naye ndiye bima ya maskini.

Lakini bima hii haiko kwa kila mtu, na hapa ndipo ninapoona udhaifu wake mkubwa. Safari ina gharama, na mbali zaidi ni ghali zaidi. Maskini kabisa wa Pemba huenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali na kwao, huvuka kwenda Tanga, au hufuata jamaa pwani ya Kenya, ambako Wapemba wameishi kwa vizazi na walitambuliwa rasmi kuwa raia mwaka 2023 tu. Mwenye uwezo kidogo hufika Dar es Salaam na kuanza na biashara ndogo. Wa kufika Ghuba au Ulaya ni yule ambaye tayari ana mtu huko, na kuwa na mtu huko kumetokana zaidi na historia kuliko bidii: familia zilizoondoka baada ya Mapinduzi ya 1964 na kupokewa Omani baada ya 1970, au vijana waliokimbilia Shimoni, Kenya, baada ya machafuko ya Januari 2001 na baadhi yao wakaendelea mbele. Ndiyo maana utaona vijiji viwili vinavyofanana kwa ardhi na bahari, kimoja kina nyumba za matofali na mabati mapya, kingine hakina, na tofauti ni mtu mmoja aliyepata pasipoti miaka arobaini iliyopita.

Matokeo yake ni kwamba fedha hizi zinaweza kupunguza umaskini na wakati huo huo kupanua pengo. Kiwanja cha Wete kikipanda bei kwa sababu wanaojenga ni watu wenye ndugu Maskati, jirani asiye na ndugu huko hulipa bei hiyo hiyo, au hajengi. Yapo yanayorudi kwake pia: fundi wa uashi, mchukuzi wa mchanga na muuza mabati hupata riziki, na zaka na sadaka za Ramadhani huvuka mipaka ya ukoo. Lakini mtu asiye na jamaa wa nje hana haki ya kudai sadaka ya mwenzake, na kwa sababu hiyo nawapinga wanaosema Serikali ipumzike kwa kuwa diaspora inatosha. Pensheni jamii, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee aliyefika miaka 70, ilikuwa ndogo kuliko riali 40 za kaka yako, lakini ilimfikia bibi wa Micheweni ambaye hakuna mtu wake aliyewahi kupanda ndege.

Ipo pia safari ambayo huanza kwa kuifukarisha nyumba. Nazungumzia wasichana wanaokwenda Omani na nchi jirani zake kufanya kazi za nyumbani. Wengi huondoka kwa deni, la wakala au la jamaa, na mishahara ya miezi ya mwanzo hulilipa deni hilo. Kwa mfumo wa kafala, kibali cha kukaa cha mfanyakazi kimefungwa kwa mwajiri wake, kwa hiyo akinyimwa mshahara au akinyang'anywa pasipoti hawezi kwa urahisi kuhamia kwa mwingine. Akirudi kabla ya muda, deni hurudi pamoja naye, na bibi aliyebaki na watoto huwa ameshatumia alichokuwa nacho. Nimelitaja hili kwa sababu mtu akikuuliza kama apeleke binti yake kwa kuwa nyumba yako imefaidika, jibu lako lisiwe mfano wa kaka yako. Dereva mwanamume mwenye miaka tisa kazini na msichana wa miaka ishirini aliyefungiwa ndani ya nyumba ya mtu ni safari mbili tofauti, hata kama ndege ni moja.

Kuhusu shutuma ya uvivu sitachelewa. Ni kweli kwamba katika baadhi ya nchi watu wanaopokea fedha hupunguza saa za kazi. Lakini mwanamke anayeacha kuinama majini kutwa kwa bei ndogo ya mwani ili akae na wajukuu simwiti mvivu. Ameikataa kazi mbaya kwa sababu sasa anaweza. Tena Guatemala, Richard Adams na Alfredo Cuecuecha waliona kwamba kwa kila nyongeza ya fedha, kaya zinazopokea kutoka nje hutenga zaidi kwa elimu na makaazi na pungufu kwa chakula kuliko ambavyo zingetenga bila kupokea. Wanafunzi wako wanne ni ushahidi wa aina hiyo hiyo.

Jambo moja ambalo huenda hukuliweka katika daftari ni thamani ya riali yenyewe. Riali ya Omani imefungwa kwa dola, na tangu 1986 moja imekuwa sawa na dola 2.6. Kwa hiyo shilingi yetu inaposhuka dhidi ya dola, kaka yako hutuma zile zile 40 nanyi mnapokea zaidi. Mwaka 2021, dola ilipokuwa karibu shilingi 2,300, zilikuwa sawa na kama 239,000; katikati ya 2024, dola ilipopita 2,600, zilizidi 270,000. Dean Yang aliona kitu cha namna hii Ufilipino baada ya msukosuko wa fedha wa Asia wa 1997: familia ambazo ndugu zao walikuwa katika nchi zenye sarafu iliyopanda ziliwasomesha watoto zaidi na kuanzisha shughuli zenye mtaji. Kwetu faida hiyo huliwa kwa sehemu, kwa sababu mchele mwingi tunaoula hutoka nje na hupanda na dola hiyo hiyo. Lakini nakushauri uandike kila mwezi riali na shilingi katika safu mbili, ili mjue ni lini mmepata nyongeza ambayo mngeweza kuiweka kando bila kumkosesha mtu chakula.

Sasa nije kwa kaka yako. Nia yake ni njema, na ana hoja moja ya kihesabu ambayo ni kweli: kutuma mara chache kwa kiasi kikubwa hupunguza ada. Umoja wa Mataifa uliweka lengo mwaka 2015 kwamba ifikapo 2030 gharama ya kutuma fedha iwe chini ya asilimia 3, na kwa Afrika kusini mwa Sahara wastani umekuwa karibu asilimia 8 kwa anayetuma dola 200. Anayetuma chini ya hapo, kama yeye, kwa kawaida hulipa asilimia kubwa zaidi. Akituma kila baada ya miezi miwili ataokoa kitu.

Lakini kusimamisha kwa miaka miwili ni jambo jingine kabisa. Katika miaka miwili ni nadra Pemba kupita bila msimu mmoja mbaya, na huo ukija mtauza kitu au mtakopa, na kinachouzwa kwa dharura huuzwa kwa nusu ya thamani yake. Riali 40 kwa miezi 24 ni 960, sawa na shilingi kama 6,240,000. Pima mwenyewe, kwa bei za tofali, saruji na mabati za Wete leo, kama kiasi hicho kinamaliza milango miwili au kinaishia kwenye msingi na kuta. Nyumba za biashara zilizokomea kwenye linta zinaonekana kila barabara ya Pemba, na nyingi ni akiba za watu waliokuwa na nia kama ya kaka yako. Na hata ikikamilika, uliza nani atakodi, kwa sababu mlango wa duka uliofungwa haumlishi mama.

Ningependekeza mkae naye kwenye simu na mgawane mambo matatu. Kwanza, kwa daftari lako mnaweza kujua kiwango ambacho nyumba haiwezi kushuka chini yake, yaani chakula, skuli na dawa, baada ya kuhesabu mshahara wako na kipato cha kawaida cha karafuu na mwani. Tuseme ikiwa ni riali 25, hizo ziendelee kuja kila mwezi au kila miezi miwili bila kukatika. Pili, zile 15 zinazobaki azikusanye yeye huko huko, kwa riali, kwa sababu akiba iliyofungwa kwa dola hailiwi na kushuka kwa shilingi, na pia kwa sababu akiba iliyo Wete huombwa na kila mwenye harusi. Tatu, kabla ya tofali la kwanza, pateni maandishi. Kwa sheria yetu ardhi ni ya umma na mtu humiliki haki ya kuitumia, haki ambayo Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 inaitambua. Basi hakikisheni haki hiyo ya kiwanja imesajiliwa, na iandikwe wazi kama jengo litakuwa mali ya kaka yako, au ni hiba kwa mama. Akijenga kwenye kiwanja cha mama bila maandishi, siku mama akitangulia mbele ya haki jengo linaweza kuingia katika mirathi pamoja na kiwanja, na yeye aliyekaa Maskati miaka kumi na zaidi atajikuta Mahakama ya Kadhi akidai kitu ambacho ndugu zake kwa nia safi waliamini ni cha mama.

Lipo swali moja ambalo ningelitanguliza hata kabla ya hayo matatu, nalo linatokana na ile bima ya upande mmoja niliyoieleza. Muulizeni ana akiba gani yeye mwenyewe huko aliko. Dereva akiumwa au mkataba wake usiporudiwa, nyumba ya Wete haitaweza kumtumia nauli. Kama hana angalau gharama ya miezi mitatu ya kuishi na tikiti ya kurudia, basi zile riali 15 za kila mwezi ziende huko kwanza, na milango ya duka isubiri.